Sahihi ya Bwana Vandorn

Wiki ya tatu sasa, Kanizfatema alikuwa akimsaka mwanamume aliyekufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, mtu asiyekuwa hata na tone la damu ya kwao.

Hyderali, mumewe, alimkuta maktabani Richmond Hill, Kanada, miwani puani, sambusa zake hazijaguswa.

“Mama Kamil, Alhamisi manispaa wanapiga kura. Wakikataa, Muharramu hii tutaomboleza kwenye maegesho ya magari, tena barafuni. Nawe umeng’ang’ania Mholanzi!”

“Teunis Hendricksen,” alisema bila kuinua macho. “Alikwenda Amerika na mke na sanduku moja. Mwaka 1657 majirani wakamshtaki mahakamani. Unajua alifanya nini?”

“Alifanya nini?”

“Hakuondoka.”

Jamaa zao wa kutoka Dar es Salaam walikuwa wamenunua ghala kuukuu ili waligeuze imambara, nyumba ya ibada na maombolezo ya Muharramu, na sasa walingoja kibali cha manispaa. Majirani wengi hawakuwa na neno. Bwana Vandorn ndiye aliyekuwa na maneno kwa niaba ya wote. Kila kikao alisimama kukumbusha kwamba ukoo wake uliishi ng’ambo hii kabla nchi haijapata jina. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu alitaka mgeni aende zake ndipo apone. Kikao kilichopita alimwambia Kanizfatema usoni, “Rudini mlikotoka.”

Kanizfatema alikuwa ameshahamishwa mara moja maishani, nyumba ya baba yake kule Upanga ilipotaifishwa. Alikuwa msichana wakati ule, akalia akafunga mizigo. Sasa ana miaka sitini na mbili, na mizigo hafungi tena.

Mkutubi alimwonea huruma. “Wote hukwama hapa, mama. Kuna Teunis Hendricksen, kuna Jan Teunissen, kuna Pieter Jansen. Majina matatu mbalimbali. Hakuna aliyeweza kuonyesha kuwa ni ukoo mmoja.”

Kanizfatema akacheka mpaka watu wakageuka. Baba yake aliitwa Madatali Bahadur. Kaka yake ni Mahmood Madatali. Mtoto wa kaka ni Ameer Mahmood. Kwao jina la baba ni kamba: ukishika mwisho mmoja, utafika wa pili. Jan Teunissen ni mtoto wa Teunis, na Pieter Jansen ni mtoto wa Jan. Ilikuwa wazi kama mchana, ila wataalamu hawakulelewa nyumba ya Madatali. Baada ya hapo Waingereza waliutaka ukoo uchukue jina moja la kudumu, na sensa zikaufuata kizazi kwa kizazi hadi Kanada. Jioni ile vizazi kumi na viwili vilitimia. Akazima mashine ya kusomea nyaraka za kale, akala sambusa zake zote.

Alhamisi ukumbi ulifurika. Kanizfatema, katibu wa jamaa zake, alimwendea Bwana Vandorn na karatasi iliyopigwa chapa.

“Bwana, nisije nikakusingizia mbele ya mwenyekiti. Malalamiko haya, kama ni yako, tafadhali weka sahihi.”

Bwana Vandorn aliyasoma kwa sauti ili wote wasikie: “Wageni hawa wanakusanyika kwa ibada isiyo yetu. Lugha yetu hawasemi. Njia inajaa watu wao. Tukiwaruhusu hawa, wengine watafuata. Tunaomba warudi walikotoka.”

“Mimi mwenyewe sijapata kuyasema vizuri hivi,” alisema, akachomoa kalamu na kutia sahihi kwa mbwembwe. Wenzake wakapiga makofi. Hyderali aliinamisha kichwa. Mkewe amewamaliza jamaa zao kwa mkono wake mwenyewe.

“Ahsante,” alisema Kanizfatema. “Hayo ni mashtaka ya majirani Waingereza dhidi ya Mholanzi Teunis Hendricksen na wenzake, mwaka 1657. Nimeyatafsiri tu. Na hii ni orodha ya kizazi chake, baba kwa mwana, pamoja na hati za kila mmoja. Hii nayo isome kwa sauti.”

Bwana Vandorn alianza na Teunis kwa sauti ileile ya kwanza. Kufikia jina la tano ilikuwa imeshuka, na la kumi na moja, la marehemu baba yake, alilisoma kwa kunong’ona.

La kumi na mbili hakulisoma. Wino wake ulikuwa haujakauka kwenye karatasi ya kwanza.