Muhogo wa Mwakani

Ilikuwa wiki ya tatu tangu mafuriko yabomoe daraja, na malori ya unga hayakuja tena. Mwanahija, mwenye mgahawa uliolisha nusu ya mji, alifunika masufuria matupu akaenda kwa Bi Somoe, mkulima aliyekuwa akimuuzia muhogo kabla unga wa mbali haujawa rahisi.

“Shikamoo, Bi Somoe.”

“Marahaba. Leo umeikumbuka njia! Si ulisema muhogo wangu unakufukuzia wateja?”

“Nilikosea. Niuzie wote. Watu wanalala njaa.”

Bi Somoe alimpeleka nyuma ya nyumba. Shamba zima lilikuwa magugu, na mbuzi wakila humo kwa raha.

“Ulipoacha kununua niling'oa, mwanangu. Ningemlimia nani?”

Akakata mashina machache yaliyobaki uani, akayafunga, akamtwika.

“Haya ni ya kupanda. Mwakani utavuna.”

“Mwakani?”

Bi Somoe alimwekea sawa mzigo kichwani.

Mwanahija alipokaribia mgahawa, wateja walikuwa wameketi kwenye mabenchi, sahani mapajani. Waliuona mzigo kichwani, wakaudhani kuni za kupikia, wakaanza kupiga makofi.