Laptopu Isiyofungwa

Siku mume wa Ndeshi alipofariki, akina mama wa kanisa lao la mtaa wa Alief walizima televisheni na redio, kwa kuwa nyumba ya msiba haipigi kelele. Laptopu ya marehemu ikasahaulika mezani, ikigonga: tiki, kimya, tiki.

Ndeshi aliisogezea simu ili shemeji yake aliyeko mji wa mbali wa Mesquite asikie.

"Shemeji, hiyo ni diski ya kumbukumbu, inakufa. Isipoguswa inajilaza kuokoa umeme, na kila ikiamka inazidi kuumia. Sauti za kaka alizojirekodi zimo humo?"

"Zote. Hata akiwaimbia watoto."

"Basi usiizime wala usifunge kifuniko, haitawaka tena! Gusagusa vitufe isilale. Safari ni ndefu, lakini na-drive sasa hivi, nakuja na diski nyingine ya kuzihamishia."

Mama mchungaji aliingia na sahani ya wali, akasikia ile tiki. "Jamani, bado mmewasha mashine? Mwacheni baba apumzike."

Akaweka kiganja juu ya kifuniko. Kifuniko kikaanza kushuka.

Ndeshi, ambaye tangu asubuhi hakuweza hata kushika kikombe, aliukamata mkono ule.

Shemeji yuko barabarani. Ndeshi bado ameushikilia mkono wa mama mchungaji, na kwa mkono wa pili anagusa vitufe.