Printa Isiyogoma

Printa ilipokaa muda mrefu bila kugoma, Mauwa aliigomesha mwenyewe.

Haikuwa kazi kubwa. Alikuwa akiingia kwenye kompyuta na kufuta draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuelewana na printa, kisha anapaza sauti ofisi nzima isikie: "Jamani, imegoma tena!" Halafu anampigia mzee Apolinari, fundi wa Tegeta.

Mzee alikuwa akija mpaka Kimara kwa bajaji, nyonga ikimsumbua, akishuka kwa kujivuta. Alirudisha draiva huku akimfundisha Mauwa hatua moja moja, kwa upole wa mtu anayemlisha mgonjwa uji.

"Leo umeelewa, mwanangu?"

"Bado, baba."

Mzee alitikisa kichwa kwa masikitiko. Mauwa naye roho ilimuuma, lakini akielewa, mzee wa watu atakula nini? Si mwenyewe aliwahi kumwambia, "Siku hizi hakuna anayenipigia ila wewe"? Tangu siku hiyo Mauwa alijitwika mzigo ule, na ulikuwa umemchosha kwelikweli. Kila printa ilipogoma, bosi Bupe alimfokea yeye. Juzi alimwambia wazi kwamba ofisi ya kupima viwanja haihitaji karani anayeshindwa hata kuchapa hati.

Jumatatu bosi Bupe akaingia na printa mpya. Aliiwasha tu, ikazitambua kompyuta zote na simu za watu, ikaanza kuchapa.

"Nimepata ushauri mzuri," alisema, uso umemchanua. "Hii haitaki draiva. Inaongea na vyombo vingine moja kwa moja."

Mauwa alisubiri bosi atoke kwenda kula. Akaifuta printa kwenye kompyuta, ikajirudisha. Akaizima, akaichomoa waya, akairudisha. Ikachapa vizuri kuliko mwanzo. Akakaa chini, amechoka hoi. Maji yakimwagika hayazoleki.

Akampigia mzee. Habari ya namna ile haikufaa kupewa mtu mzima kwenye simu, kwa hiyo alimwomba aje.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imegoma?"

"Haijagoma. Wala haitagoma tena."

Akamsogezea kiti, akamwekea chai, ndipo akamweleza. Alieleza vibaya, akirudia maneno, machozi yakimlengalenga. "Hatutakuita tena, baba. Nisamehe mie. Nimejaribu nilivyoweza."

Mzee Apolinari aliitazama ile printa. Chai hakuigusa. Mauwa alishindwa kumwangalia usoni, akabaki ameinamisha kichwa.

"Usilie," mzee alinong'ona, akitupia jicho mlango wa bosi. "Mie ndiye niliyemshauri bosi wako ainunue, kabla hajakufukuza kazi. Ufundi wenyewe niliuacha tangu mwaka juzi; huku nilikuwa nakuja kwa ajili yako tu."