Kadi ya Bila Shaka

Mwandiko wa kadi ya mwisho ulikuwa wa marehemu mama, aliyewahi kuwa mpiga chapa hapa kwenye ofisi ya kamusi.

Droo nzima ya kadi ilikuwa ya neno moja la Kiingereza, lenye maana ya bila shaka. Kila kadi ilibeba sentensi, msemaji na tarehe, kuanzia miaka mia nne iliyopita. Baharia alimwahidi mkewe atarudi. Mfalme alikula kiapo atashinda.

"Wote walikuwa na uhakika, na wote wako udongoni," mhariri alitania. "Chagua mfano mmoja wa kamusi, dada."

Tarehe ya kadi ya mama ilikuwa siku niliyozaliwa, nikiwa mtoto njiti wa kilo moja. Aliandika:

"Daktari mgeni: Huyu hatafika asubuhi. Nikamjibu kwa Kiingereza chake: Bila shaka atafika."

Kwenye neno lile, kalamu ilikuwa imetoboa kadi.

"Umepata?" mhariri aliuliza.

"Nilifika," nikamjibu, kidole kikiwa juu ya tundu.