Gololi Sakafuni kwa Matfi

"Bado!" Olinka alipaza sauti kutoka ndani. "Gololi imekataa!"

Chini ya nyumba, Matfi alikuwa amelala chali kwenye tope baridi, akizungusha jeki chini ya nguzo ya kona. Mbao zikalia kama sili aliyekanyagwa.

Ndege ya mkaguzi ingetua saa nane. Nyumba kumi na nane zilikwisha kupita, na wenyewe wangehamia kilimani, kwenye changarawe kavu, kabla ya theluji. Ilibaki hii moja. Isipopita, Matfi, mkewe Olinka na mtoto wao Evon wangebaki bondeni peke yao, wakizungumza na bata.

Buti mbili zikasimama kando yake. Binamu yake, Agafia.

"We binamu, unajifungua huko chini?"

"Nenda kaokoe tangi la choo chako!"

"Limeibuka tena, linaelea uani. Viazi navyo vinaogelea. Lakini mimi nilipita siku ya kwanza, bwana. Wewe je?" Akacheka. "Marehemu baba yako alijisifu mno kwa nguzo zake. Ona sasa zinavyokutesa!"

"Usinichekeshe, jeki itaniponda!"

Akazungusha tena. Na tena. Ghafla Olinka akapiga yowe juu, miguu yake ikidunda sakafuni.

"Baba Evon! Imekubali! Imekubali!"

Agafia akamvuta Matfi kwa miguu, wote wawili wakaanguka matopeni wakicheka hadi machozi. Angani ndege ilikuwa ikinguruma.

Mkaguzi alivua buti mlangoni, akapokea kipande cha samoni mkavu, akatoa mfukoni gololi yake mwenyewe. Akaiweka katikati ya sakafu.

Gololi ilitulia. Olinka akaushika mkono wa mumewe, akaubana.

Kisha ikaanza kubiringika. Polepole, halafu mbio, ikapita chini ya meza, ikagonga mguu wa jiko: ta!

Mkaguzi akatikisa kichwa, akaandika kwenye daftari lake.

"Imezama upande, kama zile nyingine zote," alisema. "Poleni sana. Fungasheni, mtahama."

Dirishani Agafia akapiga vigelegele, na ndani ya nyumba pekee iliyokuwa imenyooka kijijini mpaka siku ile, Matfi akamnyanyua mkewe juu.