Turbo ya Nestory

Siku hizi kila nyumba ina kipimo chake cha nguvu, za gari na za vifaa vya ndani kwa pamoja. Ukiongezea gari nguvu, mita hupunguza za ndani, ikianza na kifaa kisichozimwa kamwe.

"Itapunguza friji tu," Nestory alimwambia mkewe, Generosa, akifunga turbo ya mtumba, kifaa cha kuongeza kasi, kwenye gari lake kuukuu la kwendea kazini.

Generosa alipandwa na hasira, akaichomoa friji. "Haya, kula turbo!"

Sasa gari linanguruma uani. Chumbani, mashine ya kupumulia ya mama mkwe wa Generosa, ambayo sasa ndiyo pekee isiyozimwa, imeanza kusuasua.

"Nesto, zima hilo dude!" Generosa anapaza sauti dirishani.

Nestory hasikii. Anampungia mkono, anakanyaga mafuta.

"Mwache afurahi," mama mkwe ananong'ona kwa tabu.

Generosa anachukua nyundo, anatoka.