Komeo la Ndani

Tangu asubuhi Mzee Shekumkai alikuwa akikarabati kibanda chake cha mbao. Alizipaka bawaba mafuta, akakaza rafu iliyolegea, kisha akachukua bisibisi na kuanza kuling'oa komeo la mlango, lile la ndani.

"Limeharibika, baba?" aliuliza jirani yake, Namkunda.

"Ni zima kabisa. Ila juzi nilipoanguka, nililala hapo sakafuni nikiwasikia mnapiga hodi. Sikuweza kulifikia."

Namkunda alikinga kiganja, akapokea skrubu moja moja.

"Siku mkigonga mkaona kimya," mzee alisema, "ingieni tu."

Jioni, mzee akiwa peke yake, upepo uliusukuma mlango, ukafunguka taratibu. Mzee alijiinua kidogo kitandani.

"Karibu," alisema.